Saba Yenye Mkia

4 Februari 1996

Kobe mdogo wangu,

Barua yako ya mwisho imekaa mezani kwangu miezi minne bila jibu, na najua umenuna kimyakimya kama kawaida yako. Maliza kununa kwanza, ndipo usome.

Huku wote wazima, au tuseme wote bado wanasimama. Shemeji yako goti limemgomea, ngazi anazishuka kinyumenyume kama mtu anayeagana na mfalme. Mpwa wako amepata kazi ya kupiga chapa kwa wakili, na tangu hapo akiniuliza chumvi iko wapi nahisi nimeshtakiwa. Paa la jikoni tumeliziba. Sasa linavuja chumbani.

La kwangu ni hili. Mwezi wa kumi nilipapasa uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo kama punje ya hindi. Nilikaa nao wiki sita kabla ya kumwambia mtu, kwa hiyo usinihubirie, nimeshajihubiria. Titi walilikata tarehe 12 Desemba. Wakapima, wakasema ni saratani na imeshagusa kwapa. Nimepangiwa dripu sita, moja kila baada ya wiki tatu. Ya kwanza nimeshapata, ya pili keshokutwa. Nywele zimeondoka bila kuaga. Shule imenipa likizo, na watoto wa darasa la kwanza sasa wanafundishwa kuandika na kijana ambaye mwenyewe herufi zake zinalala chali.

Juzi mwalimu mwenzangu aliniletea kipande cha gazeti. Kichwa cha habari kinasema sumu ya nyoka inaua saratani. Chini kabisa, kwa herufi za kusomea kwa miwani, wametaja kituo cha kufugia nyoka kilicho mbali na mji. Nikasema, huko si ndiko aliko Kobe?

Miaka kumi na mmoja unawakamua nyoka hao na sijawahi kukuuliza unawakamulia nani. Leo nauliza. Nijibu kama unavyomjibu mtu mzima.

Dada yako


25 Februari 1996

Dada,

Sikuwa nimenuna. Nilikuwa nimenyamaza, na hayo ni mambo mawili tofauti. Barua yako imekuja na lori la vifaa, na jibu hili litaondoka nalo Jumanne. Lori ni kila baada ya wiki mbili. Simu tunayo moja, iko mezani kwa Mkuu wa kituo, naye haondoki mezani.

Nimeandika pole mara tatu nikaifuta. Sasa naiacha, maana sina neno jingine. Pole, Dada.

Mimi mzima. Mguu ule alioniuma kifutu mwaka juzi unavimba kukiwa na baridi, basi. Mpe shemeji salamu, mwambie mfalme anamsubiri. Mpwa wangu mwambie chumvi iko kwenye faili.

Jibu lako: ndiyo, ni sumu yetu.

Kila asubuhi nakamua nyoka kumi na wawili. Namtoa sandukuni kwa fimbo yenye ndoano, namshika nyuma ya taya kwa vidole viwili, namng'atisha mpira uliowambwa juu ya glasi. Yanatoka matone ya manjano. Mashine inayakausha mpaka yawe chembe, nami nazitia kwenye kichupa na kubandika karatasi yenye namba ya nyoka, tarehe na uzito. Saba zangu bado naziandika kama ulivyonifundisha kwa fimbo: mkanda kiunoni, mkia mguuni, isije ikadhaniwa ni moja. Hapa kituoni wananicheka kwa hilo.

Daktari wa maabara anaizimua sumu mara elfu, anatia tone kwenye kisahani chenye seli za saratani. Zinakufa. Nimeziona mwenyewe kwenye darubini: zinaachiana mikono, zinaelea. Halafu anatia tone hilohilo kwenye kisahani cha pili chenye seli za mtu asiyeumwa. Nazo zinakufa. Anachotafuta ni kipande kimoja ndani ya sumu kinachojua kuchagua. Nilimuuliza itachukua muda gani. "Miaka kumi," akasema, "au tusikipate kabisa." Gazeti halikuandika habari za kisahani cha pili.

Basi sumu hii si dawa. Ni kitu ambacho pengine siku moja dawa itachimbwa ndani yake. Hapa kichupa kikiwa na damu au ukungu hata maabara hakiingii, kinachomwa. Tanuri liko mikononi mwa mwenzangu tunayemwita Majivu, yule aliyenibeba mgongoni kilomita tatu siku niliyoumwa. Yeye na mimi tunatia sahihi daftarini kwamba kimeungua.

Maliza dripu zote sita. Niandikie baada ya kila moja.

Kobe


20 Machi 1996

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, na shemeji yako amezipokea akiwa ngazi ya tatu, kinyumenyume. Mpwa wako hakucheka. Mwanasheria hachekeshwi hovyo. Wote wazima.

Barua yako nimeisoma, ile ya visahani. Umeandika vizuri. Ulikuwa mtoto wa kumaliza insha wenzako wakiwa wamekwisha kula na kulala, lakini insha yenyewe ilikuwa nzima.

Dripu ya tatu ilinipiga. Kinywa chote kimekuwa vidonda, ulimi kama umesuguliwa kwa msasa. Uji nakunywa umepoa, kwa mrija. Ya nne ilikuwa iwe jana.

Chumba cha dripu kina viti vinane. Anayekaa cha pembeni yangu ni fundi cherehani, mwanamke wa maneno mengi. Anasema akifa asizikwe na sindano, ametoshwa nazo za kazini. Wiki tatu zilizopita aliingiza mkono ndani ya kanga akanionyesha kichupa, akakirudisha. "Cha nyoka," akasema. "Naweka chembe moja chini ya ulimi asubuhi, moja jioni." Anakinunua kwa mtu mwenye meza ng'ambo ya geti la hospitali. Nikamwambia ametapeliwa, hizo ni chembe za rangi ya keki. Akacheka, akanipa nishike.

Nilikipeleka dirishani kwenye mwanga. Karatasi iliyobandikwa ilikuwa na namba 37, na tarehe 17 Januari. Saba mbili. Zote zina mkanda kiunoni na mkia mguuni.

Nimefundisha watoto wa darasa la kwanza miaka ishirini na saba, na mkono niliouongoza mwenyewe siwezi kuukosea, hata ukiandika gizani. Barua yako ilipofika niliisoma mara mbili tangu mwanzo. Nikaona ulipoandika mambo ya saba. Kwa nini mtu amwandikie mgonjwa habari za saba, kama si kumwambia aitafute?

Nimekuelewa. Najua barua zinapita mikono mingi na huwezi kuandika wazi. Sitauliza tena, nawe usijibu. Asante.

Dada yako


9 Aprili 1996

Dada,

Salamu kwa wote. Mimi mzima. Tumepata mvua, masanduku ya nyoka tumeyapandisha juu ya matofali. Majivu naye anakusalimu.

Sikukutumia chochote. Mambo ya saba niliyaandika kwa kuwa nilikukumbuka, basi.

Kichupa ulichokiona si chetu. Hakiwezi kuwa chetu. Watu wengi wanaandika saba hivyo, ni mtindo wa zamani tu. Huyo mtu wa getini ni tapeli, kama ulivyosema mwanzo, na ulisema kweli. Mwambie fundi cherehani akitupe, asikipe mtu mwingine. Wewe usikiguse. Hasa wewe mwenye vidonda kinywani. Tumbo zima linaweza kuisaga sumu kama linavyosaga nyama, lakini kinywa chenye kidonda ni mlango ulioachwa wazi, kitu kinaingia moja kwa moja kwenye damu.

Sisemi kwamba hiyo ni sumu. Nasema hata kama ingekuwa.

Leo ni siku ya dripu yako ya tano. Umekwenda? Uliandika kwamba ya nne ilikuwa iwe jana yake. Hukuandika kwamba ilikuwa. Niambie hilo tu kwa barua ijayo, hata kwa mstari mmoja.

Ukiweza kukipata hicho kichupa, nitumie kikiwa kimefungwa ndani ya kopo. Usimwambie mtu.

Kobe


2 Mei 1996

Mdogo wangu Kobe,

Tunakusalimu sote, na leo salamu zina afya. Shemeji yako amepata fimbo, sasa anashuka ngazi kwa uso. Wakili amempandisha cheo mpwa wako, ana meza yake mwenyewe na kalamu tatu ambazo haruhusu mtu kuzishika.

Barua yako ilinichekesha, na kucheka kunaniuma kinywa, kwa hiyo deni hilo nitakudai. Unakumbuka ulipovunja ile taa ya chemli ukamsingizia paka? Nilikuambia uandike ilivyotokea, ukaandika kwa kukandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Hujabadilika. Barua yako ya mwezi uliopita nimeiinua kwenye mwanga: palipoandikwa "hakiwezi kuwa chetu" pana matundu mawili. Ningekuwa nina shaka, matundu hayo yangeniondolea. Mtu anayesema kweli hatoboi karatasi.

Kwa hiyo endelea kukana. Unakana vizuri. Mimi huku naendelea na yangu.

Nataka ujue kwamba inafanya kazi. Uvimbe wa kwapani nikiupapasa naona umelegea. Fizi zinatoka damu kidogo asubuhi, na mkono niliobebea mkoba umepiga weusi kama nimepigwa rungu, lakini hayo ni madhara ya dripu, kila mtu chumbani anayo. Daktari amenipumzisha dripu kwa muda.

Tuko sita sasa. Tunakutana Alhamisi kwa fundi cherehani, katikati ya magauni ya watu ambayo hayajakatwa nyuzi. Yeye mwenyewe wiki hii hakushona, alikuwa na kizunguzungu, tukamwekea mto. Niliwaambia wenzangu wasiogope, mkamuaji ni mdogo wangu wa tumbo moja. Watatu wameacha dripu, wanasema ya nini kuteswa mara mbili.

Kwa kuwa mtu akisikia kitu kizuri lazima atokee mwingine wa kukighushi, nimewafanyia darasa. Nilichora saba yako kwa chaki ya fundi juu ya kitambaa cheusi. Mkanda, mkia. Nikawaambia kichupa kisicho na saba ya namna hii wasinunue. Wameshika haraka kuliko darasa la kwanza.

Usiwe na wasiwasi juu yangu. Una mkono mzuri.

Dada yako


27 Mei 1996

Dada,

Leo siandiki salamu. Naandika kwenye karatasi yenye chapa ya kituo ili daktari wako asidhani ni uzushi. Barua hii haiendi na lori, naipeleka kwa miguu posta ya mjini, kilomita ishirini na nane. Utaelewa kwa nini.

Nilikudanganya. Kichupa ulichoshika ni cha kwetu. Kilichomo ni sumu halisi ya nyoka, ya kifutu namba 37, niliyoikamua kwa mikono yangu tarehe 17 Januari. Mwandiko ni wangu na saba ni yangu. Vichupa vyote vinavyouzwa hapo getini vyenye mwandiko huo vimetoka kituo hiki. Wenzako waambie hivyo, waonyeshe barua hii kama hawaamini.

Geuza karatasi.

Sasa sikiliza. Hii si dawa na mimi sikuituma. Acheni leo, nyote sita. Sumu ya kifutu inazuia damu kuganda. Fizi zako, weusi wa mkono wako, kizunguzungu cha fundi, hayo si madhara ya dripu, na wewe dripu huna tangu Machi. Uliniandikia umepumzishwa. Hakuna aliyekupumzisha. Nendeni hospitali mkiwa pamoja, waambieni mmekula nini, wawapime damu inaganda kwa dakika ngapi. Mwingine yeyote aliye na kichupa naye aende.

Imekuwaje. Vichupa vibovu vinachomwa mbele ya watu wawili, mkamuaji na mtu wa tanuri, kisha wote wawili wanatia sahihi. Ndivyo kanuni inavyosema. Moshi wa tanuri unanishika kifua. Tangu Juni mwaka jana tulikubaliana na Majivu kwamba nisije tena tanurini, nitie sahihi za wiki nzima siku ya Ijumaa, tukinywa chai. Ukilifungua daftari utaona jina langu kwenye kila mstari. Sikuona hata kichupa kimoja kikiingia motoni.

Barua yako ya tarehe 2 ilinifikia tarehe 18. Siku hiyohiyo nilikwenda nyuma ya tanuri nikachimbua jalala. Kioo hakiungui kikawa majivu, kinayeyuka na kubaki donge. Madonge ya zamani yapo, chini kabisa. Juu yake ni mwaka mzima wa majivu matupu.

Nilimkuta Majivu anafagia. Nikamuuliza vichupa vya wiki hii viko wapi. Akasema vimeungua. Nikamfungulia kiganja, nikamwonyesha donge la kioo la mwaka juzi, nikamuuliza la mwaka huu liko wapi. Akaegemeza ufagio ukutani.

"Nampa dereva wa lori," akasema. "Mkewe alikuwa na uvimbe shingoni. Wewe unaweza kuchoma kitu ambacho mtu anakililia?"

"Mkewe yukoje?"

"Alifariki Novemba."

"Na baada ya Novemba?"

"Alisema wapo wengine wanaolia."

Nikamwambia mmoja wa hao wengine ni dada yangu. Akasema, "Nilikubeba kilomita tatu. Sikukuuliza kama unastahili." Akachukua ufagio wake.

Kwa hiyo, Dada, barua nilizokukatazia na vichupa nilivyokukataza vimekuja kwako kwa lori moja. Huenda vilikuwa katika mfuko mmoja.

Nimekaa na jambo hili siku tisa. Sina udhuru wa kukupa, isipokuwa kwamba ni yeye au wewe, na niliendelea kutumaini kuna njia ya tatu. Haipo. Nikirudi kutoka posta naingia kwa Mkuu. Nitaomba ile simu, niipigie hospitali yenu. Baada ya hapo watafanya wanalotaka na mimi na yeye.

Kobe


17 Juni 1996

Mdogo wangu,

Shemeji yako anakusalimu, na mpwa wako. Mpwa wako ndiye anayeandika, mimi nasema. Mkono wangu wa kulia una sindano, na wa kushoto haukufundishwa na mtu.

Barua yako ilifika Ijumaa tarehe 7. Kituo chenu kilipiga simu hospitali tarehe 29 Mei. Aliyepokea aliandika ujumbe kwenye kipande cha karatasi, na karatasi hiyo ilimfikia daktari wa chumba cha dripu siku nane baadaye, ikiwa na duara la kikombe cha chai. Imeandikwa: "Wagonjwa wasile nyoka." Daktari alidhani ni mzaha.

Niliacha tarehe 7 jioni. Kesho yake nilimwonyesha daktari barua yako, mbele na nyuma. Alivuta damu akaiacha kwenye kioo mezani, tukaitazama sote wawili kama watu wanaosubiri chungu kichemke. Dakika ishirini zilipita, ilikuwa bado maji. Akanilaza. Leo inaganda kwa dakika kumi na moja. Uvimbe wa kwapani ameupima kwa rula. Haukulegea. Umeongezeka nusu, na kuna mwingine. Dripu ya nne naianza Jumatatu ijayo, kama damu itakubali. Dripu nilikuficha, ni kweli. Kuhusu hilo tumetoshana.

Umeandika kwamba barua yangu ilikufikia tarehe 18. Fundi cherehani amefariki tarehe 24. Alianguka kati ya meza na cherehani, damu ikamjaa kichwani. Sisemi kitu. Nimezitaja tarehe tu, nawe ulikuwa mzuri kwa hesabu.

Tulikuwa sita. Nilipokwenda kuwasomea barua tulikuwa watano. Nilisoma mbele, nikageuza, nikasoma nyuma. Mmoja alilia, akaja nami hospitali. Wengine watatu hawakuja. Aliye mdogo kati ya hao watatu aliomba aishike. Hakugeuza upande wa nyuma. Aliiweka mezani, akatoa kichupa chake, akavilinganisha: saba ya kwenye tarehe ya barua, saba ya kwenye kichupa. Mkanda, mkia. Kama nilivyomfundisha.

"Ni yeye kweli," akasema.

Nikamwambia ageuze karatasi. Akanijibu kwa adabu, ananiita Mwalimu, kwamba ya nyuma umelazimishwa uandike na wakubwa wako, maana dawa ikijulikana itachukuliwa na matajiri. Akaniomba aiazime saa moja amwonyeshe mumewe. Nilimpa. Wewe mwenyewe uliniambia nionyeshe. Aliirudisha kabla ya saa kwisha, imekunjwa vizuri.

Juzi mpwa wako alipita getini akija kuniona. Yule mtu wa meza amepata meza kubwa zaidi. Juu yake amesimamisha ubao, na kwenye ubao ameitia barua yako kwenye plastiki, nakala ya mashine. Upande wa mbele peke yake. Chapa ya kituo juu, halafu maneno yako: sumu halisi ya nyoka, niliyoikamua kwa mikono yangu. Saba ameizungushia wino mwekundu. Mpwa wako alimwambia barua ina upande wa pili. Akajibu kwamba kila kitu kina upande wa pili, mama, wewe unataka kimoja au viwili? Watu walikuwa wamepanga foleni mpaka kwenye ukuta wa chumba cha maiti. Mpwa wako alipata nakala moja kwa mtu wa foleni, maana zinagawiwa. Ninayo hapa kitandani.

Daktari ameandika tangazo la kukataza, limebandikwa getini upande wa ndani. Halina saba.

Mpwa wako anataka niseme kwamba nimekusamehe, amesimamisha kalamu anangoja. Nimemwambia aandike lililosemwa. Nilikushika mkono huo ukiwa na miaka mitano, nikauongoza mpaka ukajua njia. Kama wamekuachia utoke, njoo usimame kwenye hiyo foleni uwaambie kwa mdomo. Kama hawajakuachia, kaa hukohuko.

Lakini usiandike tena, Kobe. Si kwangu, si kwa mtu yeyote.

Dada yako